Saa Tatu Ipi

…saa tatu, amesema saa tatu, nimesikia vizuri, redio haikukwaruza wala hakuna lori lililopita wakati ule, Kaka amesema, "Mama, simama hapo," kisha akanyamaza kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha akasema, "Saa tatu. Sukuma," na mkono wangu uko juu ya fimbo ya kusukumia na sisukumi, nimeshusha moto wa injini tu, inaunguruma taratibu chini ya kiti, na kiti chenyewe si changu, kilichongwa na makalio ya mtu mwingine miaka mingi kabla hatujainunua hii mashine, kimezama upande mmoja, kwa hiyo kutwa nakaa kama mtu aliyeinama kusikiliza umbea wa jirani... Mama, ameniita Mama, mimi ni mdogo wake, mziwanda wa nyumba yetu, na mama yetu tulishamzika, labda ni Mama ya heshima, ile ambayo mwanamke yeyote aliyevaa buti anaitwa na mtu yeyote barabarani, labda ni Mama ya utani, lakini Kaka hajawahi kuniita hivyo, si kwa heshima wala kwa utani, tangu nimeota meno mimi ni Mdogo wangu, hata akiwa amekasirika, Mdogo wangu unanitia kichaa, na kwenye redio ndiyo kabisa, Mdogo wangu ongeza fito, Mdogo wangu punguza maji, na asubuhi yote ya leo imekwenda hivyo, Mdogo wangu, Mdogo wangu, mpaka hapa katikati ya barabara, Mama, na saa tatu.

Namwona kofia tu, mbele yangu kuna ukuta wa gereji iliyofungwa, nyuma ya ukuta kuna barabara, na juu ya ukuta ile kofia yake ya njano inakwenda kidogo, inasimama, inarudi, chini ya miguu yake kuna lami, chini ya lami kuna kokoto, chini ya kokoto udongo, na humo ndani ya udongo kimelala kichwa chetu cha kuchimbia, na nyuma ya kichwa fito za chuma zimeungana moja baada ya nyingine mpaka hapa kwangu, kwa sababu ndiyo kazi yetu hiyo, kutoboa ardhi kwa kulala, tunaingilia huku na kutokea kule bila kuivunja barabara ya watu, halafu bomba jipya la maji linavutwa kupitia tundu letu kama uzi kwenye sindano, ndiyo kazi yetu ya kwanza hii, ya kwanza kwa jina letu wenyewe, na kushoto kwa kichwa, umbali wa hatua ya mtu mfupi, kuna bomba kuu la zamani linalonywesha nusu ya mji, na kulia, umbali huohuo, kuna waya mkubwa wa umeme, sisi tunapita katikati kama mtoto anayepita kati ya wazazi walionuniana, usimguse huyu, usimguse yule. Kichwa kimekatwa mshazari kama patasi, ukikizungusha huku unasukuma kinakwenda moja kwa moja, ukiacha kukizungusha ukasukuma tu, kinakwenda kule uso wake ulikoelekea, ndio usukani wote huo, hakuna mwingine, na kioo kilicho mbele yangu kinanionesha uso umeelekea wapi na kama tunapanda au tunashuka, basi, hakinioneshi tuko kushoto au kulia, sehemu hiyo ya kioo ilikufa kwa mwenye mashine wa kwanza, kichwa kilipo anajua Kaka peke yake, aliyebeba juu ya barabara kile kifaa kinachonasa mlio wa kichwa, sisi tunakiita Sikio. Yeye anasikia, anasema, mimi nasukuma. Tulipoanza tulisema hivyo, wewe mdomo mimi mkono, na ilikuwa rahisi, ilikuwa rahisi sana, yeye alikuwa mtu wa maneno.

Bonyeza redio... "Kaka, rudia." "Saa tatu." "Kaka, ni kulia au kushoto?" Gari moja limepita, la pili, halafu sauti yake, imetulia kabisa, kama ya mtu anayejibu swali la kipumbavu kwa uvumilivu, "Ndiyo."

Ndiyo. Angalia hapo. Ningekuwa mtu ninayecheka ningecheka, yeye mwenyewe wa zamani angecheka mpaka akakaa chini, kulia au kushoto, ndiyo, Kaka yule angeisimulia hii kwa mwaka mzima, angeongeza chumvi, angeniigiza mimi nimetoa macho... na sisikii kitu, ndilo jambo ninaloliona sasa, najiangalia kama ninavyoangalia kioo, uso uko hapa, mteremko uko hapa, hofu hakuna, mkono hautetemeki, moyo unakwenda kama saa ya ukutani, na hivi ndivyo nilivyo tangu siku ile Kaka alipougua, watu wanasema ana roho ngumu yule dada, jasiri, shangazi aliniambia mbele za watu, mwanangu una kifua cha mwanamume, si kifua, shangazi, ni ganzi, ni ile ukilalia mkono usiku ukaamka ukaushika ukadhani ni wa mtu mwingine, ila mimi ni mwili mzima.

Saa tatu ipi. Hilo ndilo. Kwa sababu dunia nzima ya kazi hii wanaongoza kichwa kwa uso wa saa, juu ni kumi na mbili, chini sita, kulia tatu, kushoto tisa, Kaka alifundishwa hivyo kwenye kampuni alikofanya kazi kabla yetu, na siku aliponifundisha mimi alichukua mfuniko wa ndoo ya rangi akauchora saa kwa makaa, akauegemeza kwenye gurudumu, akasema, "Mdogo wangu, usisome saa, soma tarakimu," nikasema kwani kuna tofauti gani, akasema, "Sisi mshale ukiwa kwenye tisa tunasema saa ngapi?" Nikasema saa tatu. "Ehee! Na tisa iko upande gani?" Kushoto. "Sasa mimi nikikwambia saa tatu, wewe ukaisoma kama Mama anavyosoma saa yake ya ukutani, utakwenda kushoto, na mimi nataka kulia, tutaibukia chooni kwa mtu, tumkute ameinama." Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Tukakubaliana, kazini saa tatu ni ile tatu iliyoandikwa, kulia, nyumbani saa tatu ni ya Mama, ya kunywa chai, na hatukukosea hata mara moja, tulipokuwa tunajifunza na mashine yetu kule uwanjani nyuma ya yadi hatukukosea, lakini Kaka yule alikuwa na nyumba mbili kichwani na alijua yuko ipi, na huyu ameniita Mama. Kama mimi ni Mama basi hapo alipo ni nyumbani, kama ni nyumbani basi saa tatu ni kushoto. Au ulimi umeteleza tu kwenye jina na kwenye saa haukuteleza. Asubuhi hakuteleza, nilimchunguza, alisema kumi na mbili nikasukuma juu, kioo kikanionesha tunapanda kama alivyotaka, alisema sita, tukashuka, juu na chini naweza kumkagua kwa kioo, kulia na kushoto siwezi, kulia na kushoto nina neno lake tu.

"Bosi," ni Mwokaji huyo, mtu wetu wa tope, alikuwa mwoka mikate mpaka tanuri lao lilipofungwa, tukamchukua kwa sababu Kaka alisema anayejua kukanda unga atajua kukanda udongo, na kweli, anachanganya ule udongo wa unga na maji, anatia kidole, ananusa, anasema bado, ongeza, mpaka tope liwe laini la kushikilia kuta za tundu, "Bosi, tope linaanza kulala huko chini." Najua. "Likilala fito zitakamatwa." Najua, Mwokaji. Ananiangalia, anaiangalia ile kofia juu ya ukuta, amesikia redio, kila mtu mwenye redio amesikia, anasogea karibu na kiti anashusha sauti, "Niende nikaangalie?" Nikamwambia hapana, haraka mno, kama mtu aliyeguswa kidonda, hapana, kaa kwenye tangi lako... kwa sababu nikimtuma Mwokaji, Kaka atamwona anavuka barabara akiwa amejifuta mikono, na ataelewa, maneno yamechanganyika lakini macho hayajachanganyika, atajua ametumiwa mtu wa kumkagua, kama mtoto aliyeachwa na moto jikoni, na hatashika tena Sikio, nitamrudisha nyumbani akahesabu vigae.

Maana wifi ndiye aliyeniomba. Wifi yangu ambaye zamani hakuitaka hii kazi hata kuisikia, aliyetuambia siku tuliyoileta mashine, "Mmeacha mishahara mkanunua gofu," leo asubuhi alikuwa anamfunga Kaka vifungo vya shati, yeye amesimama ametoa kidevu kama mtoto wa shule, wifi haniangalii mimi anaangalia vifungo, anasema, "Mchukue. Humu ndani anakufa kwa kukaa," nikamwambia wifi akichoka je, akasema, "Akichoka hatakwambia. Hata mzima hakuwa anasema," halafu akamsukuma mgongoni taratibu, "Haya, nenda kazini wewe mwanamume, umenijazia nyumba," na Kaka akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa pili bado haujarudi, nikafungua mlango wa gari nikaangalia kioo cha pembeni. Naye mtaalamu wa usemi, yule binti mpole wa hospitali, alituambia kabla, mikono yake inakumbuka, mpeni kazi ambayo mikono inaijua, maneno ndiyo yatakayobadilishana viti, atataka kalamu atasema kijiko, na mimi niliyewahi kuendesha kijiko miaka yote ile, nikichimba mitaro ya watu, nikawaza mtambo mzima umeletwa pale wodini kwa ajili ya kuandika jina. Tulimjaribu kule yadini, nikifukia kichwa chini ya mchanga bila yeye kuona, anapita na Sikio mkono wa kushoto, anasimama palepale, anakanyaga, hapa, kila mara hapa, hakukosea. Nikasema basi. Na hakuna mwingine wa kubeba Sikio, wanaojua wako kwenye makampuni, na hii kazi tulipewa kwa jina lake, huyu bwana msimamizi wa mamlaka ya maji, mwenye kofia nyeupe, anayesogea sasa kutoka kivulini akiwasha redio ya kifuani na kuruka matope kwa buti zake safi, alisema mwenyewe, mnaye yule fundi wa kusikiliza ardhi? Mnaye. Basi njooni. Hakuuliza kama ni mzima, nasi hatukumwambia.

"Dada, vipi, mbona mmesimama?" "Tunapima." "Kuna tatizo?" "Tunapima tu." Anatikisa kichwa, kijana mwenye adabu, angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi, anaangalia upande lilipo bomba la zamani kana kwamba analiona kupitia ukuta na lami, "Lile bomba tafadhali," anasema, "hospitali iko kwenye mstari uleule," na ninasema ndiyo, najua, na ndani yangu hospitali inapita kama neno lililoandikwa kwenye gari la mtu mwingine.

Nilimpeleka hospitali nikiwasha indiketa kila kona. Hicho ndicho ninachokikumbuka, indiketa, tiki tiki tiki, nikisubiri taa nyekundu igeuke, na Kaka amelalia kioo cha mlango, mate yanamtoka, na mimi nangoja taa. Tulikuwa chini ya mashine, sote wawili chali, tunabadilisha mipira ya mafuta, ya zamani ilikuwa imepasuka kama kisigino, na yeye alikuwa ananisimulia habari za yule dalali aliyetuuzia, mara ya ishirini, jinsi alivyoipigapiga bodi ya mashine kama mtu anayesifia ng'ombe, akasema hii ilikuwa ya mtu mmoja tu, tena mcha Mungu, na Kaka akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akasugua kwa vidole, akamwonesha lile tope jeusi, akamwambia, "Mcha Mungu, ila mafuta alimwachia Mungu abadilishe," halafu akaweka sikio kwenye injini, akazunguka, akahesabu meno yaliyolika ya reli inayosukuma fito, akafungua chujio akakuta vumbi la chuma linameta, tukaondoka, tukarudi, tukaondoka, dalali akachoka na sisi, na mimi nilitaka tungoje mpaka tuweze mpya, Kaka akasema, "Mpya inaficha, Mdogo wangu, hujui itakufia wapi. Hii imeshaugua magonjwa yake yote mbele za watu, sisi kazi yetu ni kumwuguza," na tukaipa jina Mkwe, kwa sababu lazima uisalimie asubuhi, usiipandishie sauti, na hata ukiifanyia mema haisemi asante... basi siku ile chini yake alikuwa anafika pale pa mcha Mungu, napajua kwa moyo, nilishaanza kucheka kabla, na akasema, "Mcha... mcha maji, mlango wa, wa maji, maji," na mimi nikacheka, nikadhani anaigiza mlevi, nilicheka vizuri kabisa, spana mkononi, mpaka nikaona kitambaa kimemtoka vidoleni kikamdondokea usoni naye hakitoi.

Kesho yake nilirudi yadini nikamalizia ile mipira. Nilikaza kila kiungo. Watu walipita wakaniona wakasema pole, nikasema ahsante, nimeshapoa, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimepoa kama chuma, na tangu hapo nimefanya yote, nimepaka rangi, nimeandika jina letu ubavuni, nimemwajiri Mwokaji, nimevaa tabasamu mbele ya mamlaka ya maji, naamka nafanya nalala, na kila jioni napita kwa Kaka nasalimia, nakaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, yeye anasema na sisi tunasema ndiyo. Ndivyo tunavyoishi naye siku hizi. Akisema nipe mlango, wifi anampa maji, kama siyo maji anampa shuka, kama siyo shuka anafungua mlango, huku anasema ndiyo baba, sawa baba, na wageni nao, ndiyo mzee, kweli kabisa mzee, wanatikisa vichwa kama mijusi, na akitoka nje anasikia wananong'ona. Jioni moja, wifi alikuwa amekwenda kuanua nguo, Kaka akanishika kiganja kwa ule mkono mzima akaanza kuniambia jambo, refu, lilikuwa na mwanzo na katikati, aliniangalia mimi, na mimi niliangalia shati lake, kila neno lilikuwa la mahali pengine, ngazi, chumvi, kaa nyuma, viatu vya mvua, alilisema lote mpaka mwisho, akangoja. Nikasema, "Sawa, Kaka. Usijali." Akaniachia mkono. Akageukia ukutani. Na mpaka leo sijui aliniomba nini, labda aliniomba niuze mashine, labda nisiiuze, labda alisema anataka kufa au anataka kunyoa ndevu, nilisema sawa, nikanywa chai, nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzito.

Na sasa anasema saa tatu na mimi nimekaa hapa nikitafuta namna ya kusema sawa. Ndicho ninachofanya. Napiga hesabu, kulia kwa mapatano, kushoto kwa Mama, asubuhi hakukosea, sasa hivi amekosea jina, nikisukuma kulia na yeye alimaanisha kushoto tunakula waya wa umeme, na yeye amesimama juu yake, nikisukuma kushoto naye alimaanisha kulia mji unakosa maji na sisi tunarudi kuendesha vijiko vya watu, napima kama muuza dhahabu, na yote hiyo ni ili nisimwambie neno moja tu, dogo, ambalo zamani nilimwambia mara mia kwa siku bila kufikiri, nilipokuwa mtoto ananifundisha kusoma, nilipokuwa mkubwa ananifundisha kuongoza kichwa, unamaanisha nini Kaka, sikuelewi Kaka, wewe nawe unafundisha vibaya, naye akianza upya, kwa raha zake, na mfuniko wake wa ndoo. Hakuna aliyemwambia hivyo tangu kiharusi. Wote tumemwelewa. Tumemwelewa mpaka tumemfukia, tumemshindilia na ndiyo, ndiyo, ndiyo, yuko huko chini anagonga, na mimi dada yake niliyemwona kila siku niliangalia kioo cha pembeni, niliangalia shati, na leo nafurahia huu ukuta, kweli, asubuhi tulipopanga mashine hapa nilifurahi, nikasema ukuta ni mzuri utatukinga vumbi, kumbe ni kwa sababu nitaona kofia tu, kofia haina mdomo uliokwenda upande.

"Dada," anasema Kofia Nyeupe. "Bosi," anasema Mwokaji. Fito zimetetemeka kidogo, udongo unakaza.

Nabonyeza redio. Kidole gumba kinabonyeza, nakiona. "Kaka. Kaka, sijakuelewa."

Nimesema mbele ya watu, redio ya Kofia Nyeupe pale kifuani mwake imelisema tena kwa sauti yangu, nyembamba, sijakuelewa, na amegeuka kuniangalia, na Mwokaji ameinamisha macho kwenye tangi, na kule juu ya ukuta ile kofia ya njano imesimama. Ameshika kitufe, nasikia hajakiachia, nasikia magari yakipita karibu na mdomo wake, nasikia anavyovuta pumzi, ile ya upande mmoja. "Eh," anasema. Halafu, "Sema... tena."

"Sijakuelewa, Kaka. Umesema saa tatu, sijui ni kulia au ni kushoto. Sikuelewi. Na naogopa."

Na lilipotoka hilo la mwisho, ambalo sikulipanga, lilitoka tu likaburuzwa na mengine, likawa kweli, hapohapo, mkono uliokuwa juu ya fimbo kutwa nzima ukaanza kutetemeka kama wa mlevi, nikauondoa nisije nikasukuma bila kutaka, nikaushika kwa mwenzake, naogopa, naogopa mno, naogopa ule waya ulio chini ya miguu yake, naogopa siku nitakayoita nisiitikiwe, Mungu wangu, Kaka yangu amepata kiharusi, imekuwa miezi na mimi ndiyo kwanza naambiwa, na ni mimi ninayejiambia, kwenye kiti cha mtu mwingine, mchana kweupe, mbele ya bwana wa mamlaka ya maji, na machozi yananiingia mdomoni na sioni haya.

Redio inakwaruza. Anacheka. Si kicheko kile cha kukohoa, ni kifupi, kimevunjika katikati, lakini ni kicheko, ni cha mtu aliyegonga mlango mpaka akakata tamaa halafu akasikia komeo, na anasema polepole, neno moja analiokota, analikagua, analiweka chini, anachukua jingine, "Hata... mimi. Hata mimi si... sielewi." Magari. Pumzi. Nangoja, hakuna anayemsaidia, Kofia Nyeupe amefungua mdomo nikamwinulia mkono, aache, asimalizie mtu maneno. "Mdogo wangu," anasema Kaka. "Usisukume."

"Sisukumi, Kaka," nasema, na injini inaunguruma vilevile, kichwa kimelala palepale gizani, kati ya maji na umeme, sijui upande gani, naye hajui, na nimeshafungua mkanda wa kiti, mguu mmoja uko chini kwenye tope, "sisukumi, ngoja hapo hapo, nakuja unioneshe."